Aclar badala ya kioo: uzoefu wangu wa kuandaa seli kwa hadubini ya elektroni

Kama unaotesha seli na unataka kuziona kwenye hadubini ya elektroni jinsi zilivyokaa, usizikwangue. Seli ikikwanguliwa hujikunja ikawa duara, vikono vyake hukatika, na utakachopiga picha si kile ulichootesha. Ndiyo maana seli zangu za HeLa (seli za saratani ya binadamu zinazooteshwa maabara) naziotesha juu ya Aclar, filamu angavu ya plastiki inayokatika kwa mkasi.

Zamani nilitumia kioo. Seli hukipenda, ila resini ya epoksi, ambayo humiminwa juu ya seli na kuganda ili ziweze kukatwa vipande vyembamba, hukigandia, mpaka ukitumbukize kwenye naitrojeni kimiminika ndipo kibanduke. Chembe moja ya kioo ikibaki kwenye resini, kisu cha almasi kimeharibika.

Aclar naikata viduara, naviloweka kwenye ethanoli ya 70%, naviacha vikauke. Kwa kuwa pande zote mbili zinafanana, nakwaruza herufi R kwa sindano: ikisomeka sawasawa, upande wa seli uko juu. Usisahau kabisa kuweka alama hiyo.

Seli zikishaota juu yake, ni utaratibu uleule wa kawaida: glutaraldehaidi 2.5% ya kuhifadhi umbo la seli, kwenye bafa (kimiminika kinachodumisha pH) ya kakodileti, pH 7.4, kisha osimiamu tetroksidi 1%, ambayo huzitia seli weusi hadi ukaziona kwa macho, ethanoli kutoka 30% hadi 100% ya kuondoa maji, halafu resini. Kakodileti ina aseniki na mvuke wa osimiamu hudhuru macho, kwa hiyo fanyia kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa.

Raha yenyewe iko hapa. Najaza resini kwenye kapsuli (kikopo kidogo cha kugandishia), naipindua juu ya kiduara, naweka kwenye oveni nyuzi 60 kwa saa 48. Ikipoa, nashika ukingo wa filamu kwa kibanio na kuvuta taratibu. Inatoka nzima, na seli zinabaki zimetandaa kwenye uso wa resini, laini kabisa.

Linalotaka subira ni kukata. Seli ziko kwenye maikromita chache za mwanzo tu, hivyo kisu kilinganishe na uso wa resini kwanza, ndipo ukate vipande vya nanomita 70. Ukianza kwa kusawazisha uso kama tulivyozoea, seli zote zimekwenda.

Kwa seli zisizoshika vizuri, ipake filamu poli-L-laisini, inayozisaidia kushika, kabla ya kuotesha. Na kama unatafuta sura ya nje tu kwa hadubini ya skani, baki na kioo. Huko resini haihitajiki.