Opena Tatu na Kreti Moja ya Soda: Ipi Inafaa Jikoni?

Hamjambo watazamaji wangu, na karibuni jikoni kwangu hapa Kisumu. Mezani nimeweka opena tatu na soda za chupa zilizotoka kwenye friji sasa hivi, kwa sababu chupa baridi hulowa na kuteleza mkononi, na hapo ndipo opena mbaya hujulikana.

Tazameni kwanza kizibo hiki. Kina meno 21 yaliyobanwa chini ya ukingo wa mdomo wa chupa. Kile cha awali, ambacho Mmarekani William Painter alikipatia hataza mwaka wa 1892, kilikuwa na meno 24, na kazi ya opena tangu wakati huo ni ileile: kuyalegeza meno bila kuumiza kioo.

Opena ya kwanza, ya bati jembamba na mpini wa plastiki, niliinunua kwa mchuuzi, na sitainunua tena. Ulimi wake hushika jino moja tu, kwa hiyo ukiinua, ukingo wa kizibo unapinda, gesi inatoka, lakini kizibo hakibanduki. Nilipoikaza zaidi, iliteleza na kumega mdomo wa chupa. Chupa ikimegeka namna hii, mwageni soda yote wala msijaribu kuichuja, kwa maana vigae vingine ni vidogo kuliko punje ya sukari.

Ya pili, ile yenye kisu cha kufungulia makopo, inafungua, ila mpini wake ni mfupi na unaumiza kiganja.

Hii ya tatu ndiyo niliyotaka mwione. Ni bapa la chuma la sentimita 17 hivi, kama lile ambalo wahudumu wa baa hulichomeka mfuko wa nyuma. Langu lilitengenezwa na fundi wa jua kali karibu na soko la Kibuye. Angalieni: ukingo wa mbele unaegemea juu ya kizibo, ulimi mpana unaingia chini ya meno matatu au manne kwa pamoja, na kwa kuwa mpini ni mrefu, mkono unainua kidogo tu. Nyanya yangu, ambaye vidole vyake vimekakamaa, alifungua kwa mkono mmoja, kisha akamtazama mjomba, mfunguaji wa chupa kwa meno, ambaye sasa ana pengo mbele. Kasoro zake ni mbili: lilikuja na ncha kali ambazo nililazimika kuzisugua kwa tupa, na lisipokaushwa hushika kutu.

Chupa sita zimerudi kwenye kreti zikiwa na midomo mizima. Ile ya saba, iliyomegeka, haitapokelewa dukani, kwa hiyo kesho nitailipia.