Uzoefu wangu na SRD 5.1: kuendesha Dungeons & Dragons kwa nyenzo za bure na za kujitengenezea

Unaweza kuendesha Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani ambao wachezaji huigiza wahusika katika hadithi, kwa kanuni na dadu) bila kununua kitabu hata kimoja, na ukafanya hivyo kihalali kabisa. Msingi ni SRD 5.1 (System Reference Document), hati ya kanuni ambayo Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huu, waliiweka chini ya leseni ya Creative Commons CC-BY-4.0 Januari 2023. Ni PDF ya kurasa 400 hivi. Ninaitumia kama kitabu kikuu cha meza, na vingine vyote ni karatasi, gundi na mkasi. Kama hazina ya kanuni naipa alama zote. Kama mwalimu wa mtu anayeanza, haifai peke yake.

Ndani mna fani zote 12 za wahusika (kama mpiganaji au mchawi), uchawi zaidi ya 300 na mazimwi zaidi ya 300 yenye takwimu kamili. Linalonifurahisha zaidi ni leseni. Unaruhusiwa kunakili, kufupisha, kutafsiri na hata kuuza kazi yako, mradi utaje chanzo. Hati hii imetolewa rasmi pia kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania. Kiswahili hakimo, lakini leseni inamruhusu yeyote kuandaa orodha ya uchawi kwa Kiswahili na kuisambaza bila kuomba ruhusa. Sharti ni kuweka mwishoni jina la hati, mwenye hati, kiungo, jina la leseni, na kusema kuwa umebadilisha. Mistari miwili inatosha. Usiiache, kwa sababu ruhusa yote imesimama juu yake.

Sasa mapengo. Kila fani imepewa tawi moja tu. Historia ya mhusika, yaani maisha yake kabla ya mchezo, iko moja, na kipaji cha ziada ni kimoja. Namna ya kupata alama sita za uwezo (nguvu, wepesi, akili na kadhalika) haikuelezwa, kwa hiyo msimamizi mpya, yaani anayeendesha mchezo, hukwama ukurasa wa kwanza wa karatasi ya mhusika. Tumia seti ya kawaida: 15, 14, 13, 12, 10 na 8, kila mchezaji azigawe apendavyo. Seti hiyo imo katika Basic Rules za 2018, PDF nyingine ya bure yenye kurasa 180. Hiyo haimo kwenye leseni ya Creative Commons. Isome na uitumie mezani, lakini usinakili maandishi yake kwenye nyenzo unazosambaza.

Pengo kubwa kuliko yote ni hesabu ya mapambano. SRD 5.1 inakupa mazimwi bila kukuambia mangapi yanatosha, na hapa ndipo wahusika wapya hufa bure. Chukua goblini, zimwi dogo ambalo lina thamani ya alama 50 za uzoefu. Kwa wahusika wanne wa ngazi ya kwanza, pambano rahisi huanzia alama 100, la wastani 200, gumu 300, la kuua 400. Ila idadi nayo ina uzito: maadui wawili unazidisha jumla kwa 1.5, watatu hadi sita unazidisha kwa 2. Goblini wawili ni 150, pambano rahisi. Watatu ni 300, tayari gumu. Wanne ni 400, la kuua. Ukiongeza goblini mmoja tu juu ya wawili umeruka daraja zima la wastani. Sababu ni kwamba kila adui ana zamu yake ya kupiga, na goblini mmoja hutoa majeraha 3 hadi 8, wakati mchawi wa ngazi ya kwanza huwa na uhai wa 7 au 8. Anza na wawili, mweke wa tatu nyuma ya mlango, umtoe ukiona wachezaji wanamudu.

Dadu zisikuzuie. Badala ya dadu ya pande 20, kata vipande 20 vya karatasi vilivyo sawa, viandike 1 hadi 20, vikunje kwa namna moja, tia kwenye kopo. Kila kipande kikishachotwa lazima kirudi na kopo litikiswe, la sivyo 20 iliyotoka haiwezi kutoka tena na uwezekano wote unaharibika. Dadu ya pande 4 ni sarafu mbili za aina tofauti, kila mchanganyiko na namba yake. Ya pande 12 ni dadu ya kawaida pamoja na sarafu: kichwa, soma ilivyo, upande wa pili, ongeza 6. Usijumlishe dadu mbili za kawaida kupata 12. Haitatoka 1 kamwe, na 7 itatoka mara nyingi kuliko zote.

Ramani ndizo huwaponza watu kwenye steshenari. Mraba mmoja wa ramani ni inchi moja, yaani milimita 25.4, na unawakilisha futi 5. Ramani nyingi za bure zimepangwa kwa karatasi ya Kimarekani yenye upana wa milimita 216, wakati A4 ina 210. Printa ikiachwa ijaze ukurasa yenyewe hupunguza kila kitu kwa karibu asilimia 3. Kwa mraba mmoja huoni, lakini baada ya miraba 11 umepoteza zaidi ya milimita 7, na ukurasa huo hauungani na ule uliochapwa kwa ukubwa halisi. Mwambie anayechapa aweke asilimia 100. Ukichora mwenyewe, A4 inabeba miraba 8 kwa 11.

Picha za wahusika za kusimamisha juu ya ramani zichape kwenye manila. Karatasi ya gramu 80 hupinda kwa upepo wa feni. Kitako kiwe duara la boksi lenye kipenyo cha milimita 24. Vizibo vya soda vinapendeza lakini ni vipana kuliko mraba, havikai viwili kwenye miraba inayopakana.

Mwaka 2025 ilitoka SRD 5.2, nayo kwa leseni ileile. Ni nzuri, na ina mwongozo wa kupanga mapambano. Chagua moja kwa meza nzima. Katika 5.1 nyongeza ya alama za uwezo hutoka kwenye asili ya mhusika (aina ya kiumbe alicho), katika 5.2 hutoka kwenye historia yake. Anayechanganya hupata nyongeza mara mbili.

Ukitengeneza chako na kukisambaza, toa PDF pamoja na faili inayoharirika, kwani PDF peke yake humlazimu mwenzako aandike upya. Angalia pia leseni za vipande ulivyoazima: kazi za One Page Dungeon, shindano la kubuni safari ya mchezo katika ukurasa mmoja, kwa mfano, ziko chini ya CC-BY-SA, na hiyo inadai utakachojenga juu yake nacho kiwe chini ya leseni hiyohiyo. Na pembeni mwa kila ukurasa wa ramani chora mstari wa sentimita 10, ili anayechapa aupime kwa rula kabla ya kuchapa kurasa zilizobaki.