Ng'amba wa Fedha na Mkia Uliokosewa

Mdogo wangu anasoma sayansi za bahari, na kumnunulia pambo lenye umbo la kiumbe wa baharini ni kujitafutia mtihani, kwa kuwa kabla ya kusema ahsante atalipindua, atalisogeza karibu na jicho na kuanza kuhesabu mapezi. Kwa hiyo nilipoingia katika duka dogo la vito vya fedha huko Msasani, ambalo jina lake naliacha kwa kuwa pamoja na sifa nina lawama pia, sikutafuta uzuri peke yake. Nilitaka kitu ambacho kisingeniaibisha mbele yake.

Nilichagua kidani cha ng'amba, kipana kidogo kuliko sarafu ya shilingi mia mbili, kilichonigharimu shilingi 185,000 pamoja na mkufu wake. Wengi wetu tukiona mgongo wenye magamba unaelea husema ni kasa, yakaishia hapo, lakini ng'amba ana alama zake: magamba yake ya mgongoni hupandiana kama vigae vya paa, ilhali ya kasa wa kawaida hukaa ubavu kwa ubavu, mdomo wake umechongoka na kupinda kama wa kasuku, na kati ya macho ana jozi mbili za magamba madogo, pale ambapo kasa huwa na jozi moja tu. Fundi ameyatia yote hayo. Ukipitisha ukucha kutoka shingoni kwenda mkiani, unateleza; ukiurudisha, unakwama kwenye ukingo wa kila gamba.

Fundi mwenyewe hufanya kazi chumba cha nyuma, mlango ukiwa wazi, na hachoki kuulizwa. Kwanza huchonga umbo kwa nta, kisha hulizungushia plasta, huichoma mpaka nta yote iyeyuke na kutoka, ndipo humimina fedha iliyoyeyushwa katika uwazi uliobaki. Baada ya hapo ni tupa, msasa na subira. Nyuma ya kidani pamegongwa muhuri wa 925, yaani sehemu 925 katika kila 1,000 ni fedha halisi, na inayobaki kwa kawaida ni shaba, kwa sababu fedha tupu ni laini mno kwa kito cha kuvaliwa kila siku. Alinionya nisiogelee nacho, maana maji ya chumvi huila ile shaba na kukitia weusi. Pambo la bahari lisilotaka bahari! Tulicheka wote wawili.

Uzito wa kazi hii unaonekana ukikumbuka kilichompata ng'amba mwenyewe. Kwa karne nyingi aliwindwa kwa ajili ya magamba yale yale, ambayo yaligeuzwa kuwa vitana, bangili na vifungo, hadi biashara yake ya kimataifa ilipopigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Leo amo katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kumvaa ng'amba bila ya yeye kuvuliwa gamba ni jambo ambalo mimi niko tayari kulilipia.

Ndiyo maana kikapu kilichowekwa mlangoni kiliniudhi. Humo mlikuwa na kauri za kuuza kwa mafungu, na juu yake limekaa kombe moja kubwa, lile ambalo zamani lilipulizwa kama baragumu. Konokono mwenye kombe hilo ni miongoni mwa wanyama wachache wanaomla kiti cha pweza mwenye miiba, yule kiumbe wa bahari mwenye umbo la nyota, ambaye naye hula matumbawe. Ukimwondoa mlaji, unamwachia mharibifu nafasi. Duka linalouza pete zenye sura ya matumbawe lisingepaswa kuuza kombe hilo. Kiboksi cha kidani nacho kimeandikwa kwamba sehemu ya mapato hulinda bahari. Nilimuuliza binti wa kaunta ni sehemu gani, na hupelekwa kwa nani.

“Hapo dada yangu utanisamehe, anayejua ni bosi,” alinijibu kwa adabu, na sikuona haki ya kumbana zaidi. Nilinunua kwa sababu ya ufundi. Maneno ya kiboksi sikuyahesabu.

Lawama ya mwisho ni kishikizo cha mkufu. Siku ya pili kilifunguka chenyewe mdogo wangu akiwa ndani ya daladala, na kilichomwokoa ng'amba ni mtandio wake tu. Walikibadilisha bila malipo, kwa kingine kinene zaidi, lakini mkufu wa bei hiyo haukupaswa kutoka dukani na kishikizo chepesi namna ile. Bangili zao za nyuzi za nyavu kuukuu ni za kawaida, na sina la kusema juu yake.

Tulipokwenda kubadilisha kishikizo, mdogo wangu aliiona bruchi ya silikanti, samaki aliyedhaniwa kuwa ametoweka zamani sana mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye kwa ajili yake Tanga ilipata hifadhi ya bahari mwaka 2009. Mapezi yenye mashina ya nyama yalikuwa sawa, na magamba mazito yalikuwa sawa. Mkia ndio uliokosewa, kwani ulikuwa na panda mbili kama wa jodari, wakati mkia wa silikanti una sehemu tatu, na ya katikati ni kishungi kidogo kinachochomoza nyuma.

“Shikamoo fundi,” alisema mdogo wangu, akamwonyesha picha kwenye simu. Fundi aliitikia, akavaa miwani, akaitazama picha kwa muda mrefu, kisha akageuza stakabadhi yetu na kuanza kuchora mkia upya kwa penseli.