Fungate kwa miguu Mikindani: huduma ya mwongoza wageni

Kwa maharusi wanaopenda kutembea, huduma ya mwongoza wageni tuliyemkodi Mikindani, mji mkongwe ulio takriban kilomita 10 kutoka Mtwara mjini, inastahili sifa, ingawa si kwa kila jambo. Ubora wake ulidhihirika vichochoroni, ambako alitusimamisha mbele ya nyumba za mawe ya matumbawe zenye milango ya nakshi, akamwonyesha mke wangu mahali lipu ilipobanduka na matumbawe yenyewe yakaonekana, vitundu vyake vikiwa bado vimejaa chokaa. Alieleza vizuri pia habari za David Livingstone, aliyepita hapa mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara, na za Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, ambalo baadaye lilikarabatiwa likawa hoteli. Kasoro ni muda: tulianza saa nne asubuhi, jua likichoma, na maji ya kunywa hayakuwamo katika malipo. Mjini Mtwara alituharakisha mno, hata pweza (maharusi hawapaswi kunyimwa pweza) tulimla baadaye, wenyewe, Shangani, mtaa wa huko huko Mtwara. Anayekwenda aombe kuanza alfajiri na apatane bei mapema.