Redio yangu ya DAB+: haina chenga, lakini ikigoma imegoma

Nimekaa na redio hii ya DAB+, yaani inayopokea matangazo ya redio kidijitali badala ya FM, mwaka mzima, hapa Bodø, kaskazini mwa Norwe. Nilitoa kroner 900 kwa kukosa njia nyingine. Mkoa huu ndio ulioanza kuzimiwa FM ya redio za taifa, tarehe 11 Januari 2017 saa 5 na dakika 11 asubuhi, na kufika Desemba nchi nzima ilikuwa imezimiwa. Redio ndogo za mitaa zilibakizwa FM, ila NRK, shirika la utangazaji la umma, na wakubwa wenzake walihamia DAB+. Mliokuwa Dar es Salaam mwisho wa 2012, analojia ya televisheni ilipozimwa tukakimbizana na ving'amuzi, mnajua hali ile.

Kuitumia ni rahisi mno. Unaiwasha, inasaka stesheni yenyewe na kuzipanga kwa majina. Redio za taifa zilizokuwa 5 kwenye FM sasa zimepita 20, maana masafa mamoja hubeba stesheni nyingi kwa mkupuo, na minara kadhaa hurusha kwenye masafa hayohayo bila kugongana. Mimi niliyekulia taarab siku hizi napika nikisikiliza NRK Klassisk, stesheni ya muziki wa klasiki. Sauti safi kabisa.

Shida ni kwamba haijui kukoroma. FM ikizidiwa na umbali hukwaruza, lakini maneno unayaambulia; babu yangu Tanga alikuwa akiunga antena na waya wa kuanikia nguo, taarifa ya habari inapita hivyohivyo. Hii, mawimbi yakipungua kidogo tu, mtangazaji anasikika kama kachovya kichwa kwenye ndoo ya maji, kisha kimya. Nikiisogeza hatua mbili kutoka dirishani, kwisha habari. Mvuvi anayesubiri tangazo la upepo wa Vestfjorden, bahari ya huku, afadhali apate nusu ya sentensi.

Betri nazo inazila vibaya sana. Na gari langu la zamani lilinidai kifaa cha kubandika kiooni, waya unaning'inia mpaka leo. Magari mapya ya Umoja wa Ulaya hayana usumbufu huo: tangu Desemba 2020 sheria inataka redio yake ipokee dijitali. Shirika la umma la Uswisi nalo lilizima FM yake mwisho wa 2024, kwa hiyo huku Ulaya naona safari ni ya upande mmoja. Kwetu nisingependa waguse FM kwa sasa, maana watu wanaisikiliza kwenye simu za kitochi.

Nilimpelekea mama huko kwetu moja kama hii likizo iliyopita. Upande wa DAB ilisaka, ikasaka, haikupata hata stesheni moja. Bahati ina FM pia. Wiki ya pili betri zikaisha, mama akarudi kwenye simu yake.

Nyota tatu na nusu.