Sabufa, spika au saundibaa: nunua ipi, na maneno gani ya boksi uyaache

Mama mmoja wa Majengo, hapa Moshi, aliniletea sabufa ikiwa na wiki mbili tu tangu itoke dukani. Aliinunua kwa hela ya vikoba kwa ajili ya kipaimara cha mwanawe. Siku yenyewe, sauti ilipopandishwa ili wageni waliokaa uani nao wasikie, ikakwaruza kidogo kisha ikanyamaza kabisa.

"Fundi, hii imeandikwa wati elfu nane," akaniambia. Boksi alikuwa amelibeba ili nisibishe.

"Shikamoo mama. Hebu tuigeuze nyuma kwanza."

Kwenye kibati cha nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia, paliandikwa volti 230, wati 60. Nilipofungua nikakuta transfoma inayoenea kiganjani na aisii tatu za TDA2030, chipu ambayo karatasi yake ya kiwandani inaitaja kuwa na wati 14 hivi kwenye spika ya ohmu 4. Moja ilikuwa imeungua. Spika za pembeni zilikuwa na viduara vitatu kila moja, lakini nyuma ya viwili hapakuwa na kitu, ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha.

Nimekuwa fundi wa redio kwa muda mrefu na bado jambo hili linaniuma, kwa sababu anayedanganywa ni yule yule aliyejibana miezi sita. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Wati elfu nane ni sawa na pasi nane za umeme zilizowashwa kwa pamoja. Kwa umeme wetu wa volti 230, hizo ni ampea karibu 35, wakati soketi ya ukutani kwako ni ya ampea 13. Ile namba ya boksi inaitwa PMPO, na haina utaratibu wowote wa kuipima unaokubalika. Kila kiwanda kinaandika kinachotaka. Unachopaswa kuuliza ni RMS, yaani nguvu ambayo ampli (kikuza sauti) inaitoa mfululizo bila kupasua sauti. Marekani walishachoshwa na mchezo huu tangu 1974, tume yao ya biashara ilipotoa kanuni ya kuwalazimisha wauzaji wa ampli za nyumbani wataje nguvu ya mfululizo. Dukani kwetu kanuni yako ni kile kibati cha nyuma. Kama kinasema inakula wati 60, haiwezi kukupa 61 mfululizo, na sehemu kubwa ya hizo 60 inaweza kuishia kwenye joto.

Tena usikimbilie wati hata zikiwa za kweli. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, na ili sikio lisikie kama sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji wati karibu mara kumi. Kwa hiyo wati 40 na wati 50 sikio linazisikia karibu sawa. Spika inayotoa desibeli 90 kwa wati 1 inataka nusu ya nguvu inayotakiwa na ile ya desibeli 87. Namba hiyo ndiyo ya kuitafuta kwenye spika, na ni nadra kuiona imeandikwa kwa herufi kubwa.

Sasa, kama ni mimi naingia mjini na hela yako mfukoni, cha kwanza ningekutafutia ampli ya used ya njia mbili (kushoto na kulia) na spika mbili za rafu zenye boksi la mbao. Ampli za zamani za Pioneer, Kenwood au Technics zina transfoma nzito, zinafunguka kwa bisibisi, na vipuri vyake vingi fundi anavijua. Nyanyua kabla hujalipa: ampli ya aina hiyo inapaswa kukuchosha mkono. Halafu soma volti. Iliyotoka Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni 120, na ukiichomeka kwenye 230 moja kwa moja umeimaliza. Iliyotoka Uingereza haina shida hiyo. Upande wa spika, bonyeza ukingo wa koni, yaani ile karatasi inayotikisika, polepole kwa kidole. Ukingo wa sponji uliozeeka unamung'unyika kama keki kavu. Wa mpira hudumu zaidi. Ukizungusha kitufe cha sauti ukasikia kwaruu-kwaruu, usiogope sana, mara nyingi ni vumbi; itumie kupunguza bei.

Kama hutaki used, chaguo la pili ni jozi ya spika zenye ampli ndani, zile ndogo za studio za inchi 4 au 5. Hazitatikisa bati la jirani, ila sauti ya mtu inatoka kama sauti ya mtu.

Sabufa ya kawaida naiweka ya tatu, na siidharau. Kwa sebule na shughuli ndogo ya nyumbani inafaa, mradi uichague kwa uzito, kwa boksi la mbao na kwa kibati, na ujue kwamba haikutengenezwa kwa sherehe ya uani. Kwa sherehe kodi spika za shughuli. Saundibaa, ile spika ndefu nyembamba ya kuweka chini ya televisheni, ni ya nne: ni nzuri kwa kusikia taarifa ya habari vizuri kuliko spika za televisheni, lakini kwa muziki ni nyembamba. Homu thieta ya spika tano kwenye sebule ya futi kumi kwa kumi na mbili naiweka mwisho. Hela ile ile imegawanywa kwenye spika tano dhaifu badala ya mbili nzuri.

Waya sijaupa nafasi yoyote, na hapa ndipo wenye uwezo nao wanapigwa. Jamaa yangu wa Njiro, Arusha, aliuziwa waya wa HDMI, ule wa kupeleka picha na sauti kwenye televisheni, wenye ncha za dhahabu kwa maelezo kwamba "unasafisha sauti". HDMI inapitisha namba. Zikifika, zimefika zile zile. Zisipofika utaona picha inakatika au sauti inapotea, wala besi haitalainika. Kwa spika, waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba unatosha: kwa mita tano, kwenda na kurudi, ukinzani ni kama ohmu 0.12, kitu kidogo sana mbele ya spika ya ohmu 8. Kwangua ncha kwa wembe kabla ya kununua. Ikionekana nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba.

Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe wa Marekani aliyekuwa akifichua madai ya uongo, alisema atatoa dola milioni moja za taasisi yake kwa atakayeweza kutofautisha, bila kuambiwa upi ni upi, waya wa spika wa dola 7,250 na waya wa kawaida. Hakuna aliyewahi kuzichukua. Mwaka huo huo watafiti wawili wa sauti, Meyer na Moran, walichapisha jaribio lao: wasikilizaji walipewa sauti ya ubora wa juu, na sauti ile ile ikiwa imepitishwa kwenye kiwango cha CD. Katika majaribio 554 walipatia 276, sawasawa na kurusha shilingi. Kwa hiyo neno "Hi-Res", yaani hiyo sauti ya ubora wa juu, kwenye boksi lisikuongezee hata elfu kumi.

Dukani nenda na wimbo wako, ikiwezekana kwaya ya kanisani kwenu au sauti ya mtu unayemjua. Mwambie mangi arudishe besi na treble katikati, kisha alinganishe spika mbili kwa sauti iliyo sawa. Inayopigwa juu zaidi kidogo ndiyo sikio huipenda, na wauzaji wanalijua hilo. Ukifika nyumbani, sogeza spika kutoka kwenye kona na utundike pazia zito. Mabadiliko hayo utayasikia kuliko ya waya wowote. Gadi ya umeme nunua, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo unaua aisii. Inunue kwa kazi hiyo tu, na anayekuambia inaongeza utamu wa sauti usimlipe kwa utamu huo.

Ile sabufa ya Majengo nilibadilisha aisii, nikaijaribu kwa saa nzima nikisikiliza inapoanza kupasuka. Pale nikaweka nukta ya rangi nyekundu ya kucha kwenye kitufe cha sauti, nikamwonyesha mama na yule kijana wa kipaimara kwamba mshale usivuke hapo. Mpaka sasa inalia.