Pacman ndani ya Distrobox au Nix juu ya Debian 12?

Debian 12, mfumo wa Linux, ina GCC 12 (kikusanyaji cha msimbo wa C na C++). Ukitaka mpya zaidi, usichomeke hazina ya distro nyingine (aina nyingine ya Linux) kwenye apt, kisakinishi cha Debian; libc6, maktaba ya C ambayo programu karibu zote huitegemea, inaweza kuvuruga mfumo mzima.

Distrobox, inayoendesha distro nyingine ndani ya kontena, ndiyo nyepesi kuanza: `sudo apt install distrobox podman`, kisha `distrobox create --name kazi --image docker.io/library/archlinux:latest`, halafu `distrobox enter kazi`. Humo tumia pacman, kisakinishi cha Arch: `sudo pacman -Syu gcc`, kamwe si `-Sy` tupu (huonyesha upya orodha bila kusasisha mfumo), kwani Arch haikubali kusasishwa nusu. Folda ya nyumbani ni ileile, hivyo `~/.cargo` na `~/.local` huchanganyika, `--home` huzitenga. Programu iliyojengwa humo inaweza kugoma Debian kwa kuwa glibc (maktaba ileile ya C) ya Debian ni 2.36, ya zamani zaidi.

Nix, kisakinishi kinachokaa kando ya apt, huja na glibc yake: `nix-shell -p gcc`, basi. Kwa timu tunaipendelea, mradi matoleo yafungwe. Ila OpenGL (michoro ya 3D) husumbua, na `/nix/store`, ambamo vifurushi vyake hukaa, huvimba hadi uendeshe `nix-collect-garbage -d`.